Mali ya ukoo au mali ya baba? Haki ya mtoto katika mirathi ya Kihindu, na njia ya kuifuata

Katika familia nyingi za Kihindu, maneno "mali ya mababu" hutamkwa kwa wepesi. Nyumba ya kijijini Kachchh ni ya mababu. Duka la Jamnagar ni la mababu. Hata kiwanja ambacho baba alikinunua kwa mshahara wake mwenyewe huitwa cha mababu, kwa kuwa babu aliishi hapo uzeeni na kufia hapo. Mahakama za India haziyatumii maneno hayo hivyo. Kwao, mali ya ukoo ni aina moja maalumu ya mali, yenye masharti yake, na mtoto ana haki tofauti kabisa ndani yake na nje yake. Dada anayenyimwa fungu lake na mjukuu anayefungua kesi ya kudai kisicho chake mara nyingi wamejikwaa mahali pamoja: hawakuuliza kwanza mali hii ni ya aina gani.

Kiswahili kinatofautisha Mhindi na Mhindu, na tofauti hiyo ina uzito hapa. Sheria ya Urithi ya Wahindu ya mwaka 1956 inawahusu Wahindu, Masingasinga, Wajaini na Wabudha. Bohora, Ismailia na Mamemoni, ingawa ni Wahindi kwa asili, ni Waislamu na mirathi yao haimo humu.

Ekari 24 na watoto watano

Kuna kesi ya Maharashtra ambayo wanasheria wa India huijua kwa jina la Gurupad, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 1978. Mwanamume alifariki mwaka 1960 akaacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Nitaichukua familia ya namna hiyo na kuipa shamba la ekari 24, ili hesabu ionekane kwa macho.

Tuseme shamba ni la ukoo, na tuhesabu kwa sheria ilivyokuwa wakati ule. Wana wa kiume walikuwa washirika wa baba yao, yaani wamiliki pamoja naye, tangu kuzaliwa, mabinti hawakuwa. Kwanza mahakama inajifanya kana kwamba shamba liligawanywa dakika moja kabla ya baba kufa: baba, mama na wana wawili wanapata ekari 6 kila mmoja. Kisha zile 6 za baba zinagawanywa kwa warithi wake wote sita, ekari moja kila mmoja. Mwisho wa hesabu, mama ana 7, kila mwana wa kiume ana 7, na kila binti ana 1. Dada na kaka waliolelewa chini ya paa moja, mmoja ana ekari saba na mwingine moja.

Sasa hesabu ileile kwa sheria ya leo. Tangu marekebisho yaliyoanza kutumika tarehe 9 Septemba 2005, binti naye ni mshirika kwa kuzaliwa, sawa na kaka yake. Mgawanyo wa kwanza unakuwa wa watu saba, kila mmoja ana sehemu moja ya saba. Sehemu ya baba inagawanywa tena kwa sita. Ukijumlisha, kila mmoja kati ya wale sita anaondoka na ekari 4. (Kusini mwa India mke hahesabiwi katika ule mgawanyo wa kwanza, kwa hiyo huko mama hupata pungufu na watoto huzidi kidogo.)

Kama shamba lilikuwa mali binafsi ya baba na hakuacha wosia, mama na watoto watano ni warithi wa daraja la kwanza, yaani wanaotangulia wengine wote kurithi. Ekari 24 kwa sita, kila mmoja 4. Jibu ni lilelile.

Hapo ndipo watu wengi husema basi kuna haja gani ya kubishana, mwisho wake ni ekari nne tu. Haja ipo, na ni kubwa. Mpe baba kalamu aandike wosia unaosema kila kitu kiende kwa mwana wa kwanza. Kwenye mali binafsi, wosia huo unafagia ekari zote 24 na binti anabaki mikono mitupu. Kwenye mali ya ukoo, wosia unagusa sehemu ya baba tu, ile moja ya saba. Binti bado ana moja ya saba yake, karibu ekari tatu na nusu, na hakuna wosia unaoweza kuifikia, kwa sababu haikuwahi kuwa ya baba.

| | Mali ya ukoo | Mali binafsi ya baba |
|---|---|---|
| Haki ya mtoto huanza | anapozaliwa | baba anapofariki |
| Kudai mgawanyo baba akiwa hai | anaweza | hawezi |
| Wosia wa baba hugusa | fungu la baba peke yake | mali yote |
| Baba kuuza | kwa shida ya kweli au faida ya familia | apendavyo |
| Baba kutoa hiba fungu lisilogawanywa | haiwezekani bila ridhaa ya washirika wenzake | inawezekana |

Jedwali hili ni la mfumo wa Mitakshara, unaofuatwa sehemu kubwa ya India, Gujarat ikiwemo. Bengal Magharibi na Assam hufuata Dayabhaga, na huko mambo ni mengine: baba ni mmiliki kamili hata wa mali aliyoipata kwa babu yake, na mtoto hana cha kudai mpaka baba afe. Mtoto wa familia ya Kolkata anayesoma kuhusu haki ya kuzaliwa anasoma habari za watu wengine.

Ipi hasa ni ya ukoo?

Kwa maana ya zamani, mali ya ukoo ni ile iliyoshuka kwa mstari wa kiume, kutoka kwa baba, babu au baba wa babu, ikiwa haijagawanywa. Kilichotoka kwa mama au kwa babu mzaa mama hakihesabiwi. Mali ya mama ni ya mama kikamilifu; akifa bila wosia, watoto na mumewe wanagawana sawa, basi.

Jambo linalowashtua wengi ni mwaka 1956. Sheria ile ilianza tarehe 17 Juni mwaka huo. Kama babu alinunua shamba mwenyewe na akafariki baada ya tarehe hiyo, baba alilipokea kama mrithi, na Mahakama ya Juu ilishasema mwaka 1986, na ikarudia mwaka uliofuata, kwamba mali ya namna hiyo mikononi mwa baba ni mali yake binafsi. Mjukuu hana haki ya kuzaliwa ndani yake, ingawa kila mtu kijijini analiita shamba la babu. Lakini kama babu alifariki kabla ya Juni 1956 na baba akarithi kwa mfumo wa zamani, mali ilibaki ya ukoo, na mahakama hiyohiyo ililithibitisha hilo tena mwaka 2019.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza nyumbani ni hili: babu alifariki mwaka gani, na yeye mali aliipataje? Ni swali la adabu, linaweza kuulizwa mezani wakati wa chai bila mtu kukasirika, na jibu lake lina thamani kuliko ushauri wa saa nzima uliotolewa bila jibu hilo.

Jingine ni la ushahidi. Familia kuishi na kula pamoja hakuifanyi mali yao kuwa ya ukoo. Anayedai ndiye mwenye kuthibitisha, angalau aonyeshe kwamba ukoo ulikuwa na chanzo cha mapato ambacho kingeweza kununua mali hiyo. Akishaonyesha, mzigo unahamia kwa anayesema alinunua kwa jasho lake mwenyewe.

Mtoto yupi?

Binti aliyeolewa ni mtoto kama yule ambaye hajaolewa. Hili lilipiganiwa kwa miaka mingi. Andhra Pradesh, Tamil Nadu, Maharashtra na Karnataka zilitangulia kuwapa mabinti haki hiyo kabla ya nchi nzima, lakini sheria zao ziliwaacha nje waliokuwa wameshaolewa. Baada ya 2005 likazuka swali: je, ni lazima baba awe alikuwa hai tarehe 9 Septemba 2005? Uamuzi mmoja ulisema ndiyo, mwingine ukaelekea hapana. Tarehe 11 Agosti 2020, katika kesi ya Vineeta Sharma, majaji watatu walimaliza mzozo: haki ya binti imetokana na kuzaliwa kwake, kwa hiyo si lazima baba awe hai siku ile. Kilichobaki salama ni mauzo na migawanyo halali iliyokamilika kabla ya tarehe 20 Desemba 2004. Na ndugu wa kiume anayesema "tulishagawana zamani kwa mdomo" hapokelewi kirahisi. Anatakiwa aonyeshe nyaraka za serikali zinazoonyesha kweli waligawana.

Mtoto wa kuasiliwa ni mtoto kamili wa familia iliyomchukua tangu siku ya kuasiliwa, na anakata uhusiano wa mirathi na familia aliyozaliwa, isipokuwa kwa mali ambayo tayari ilikuwa imeshakuwa yake. Aliye tumboni baba anapofariki hurithi akizaliwa hai, kana kwamba alikuwa ameshazaliwa. Mtoto wa kambo, aliyelelewa lakini hakuasiliwa, hamo kwenye daraja la kwanza, na hapa naomba wazazi wanisikilize: kama unampenda mtoto uliyemkuta kwa mke wako, andika wosia au muasili, maana mapenzi peke yake hayatasomwa mahakamani.

Na mtoto wa ndoa iliyokuwa batili, mathalani baba alioa mke wa pili wakati wa kwanza yu hai? Kisheria ni mtoto halali wa wazazi wake. Tarehe 1 Septemba 2023 Mahakama ya Juu ilieleza kwamba anarithi kwa baba yake, pamoja na lile fungu ambalo baba angelipata kama mali ya ukoo ingegawanywa kabla ya kifo chake. Ila yeye mwenyewe si mshirika kwa kuzaliwa, hawezi kusimama mbele ya babu na ami zake akadai ukoo ugawanywe. Ni nusu ya mlango, lakini kabla ya hapo alikuwa nje kabisa.

Njia nne, na ipi nifuate

Ukishajua mali ni ya aina gani na wewe ni nani ndani yake, kuna mambo manne unaweza kufanya: kukubaliana kifamilia, kwenda mahakamani kuomba mgawanyo, kuachia haki yako, au kusubiri.

Makubaliano ya familia ndiyo ninayoyapendelea, na mahakama za India nazo huyapenda. Zimekuwa zikiyalinda hata yalipofanywa kwa mdomo. Ugumu uko kwenye karatasi. Kama karatasi inakumbusha tu jambo mlilokwisha kukubaliana, haihitaji kusajiliwa. Kama karatasi yenyewe ndiyo inayowapa watu mafungu, bila usajili haina nguvu ya kuhamisha ardhi. Na kwa kuwa sheria ya 2005 inaitambua hati ya mgawanyo iliyosajiliwa au hukumu ya mahakama, ushauri wangu ni kulipa gharama ya usajili, hata kama mnapendana. Njia hii inawafaa ndugu ambao bado wanasemezana, na ambao hakuna kati yao aliye mdogo wa umri wala aliyebanwa.

Mahakama ni ya anayenyimwa. Kesi ya mgawanyo inataka wenye mafungu wote waunganishwe, akisahaulika mmoja kesi inayumba. Kwanza hutolewa hukumu ya awali inayotaja fungu la kila mtu, kisha ya mwisho inayokata ardhi yenyewe. Kati ya hizo mbili mtu anaweza kufa, mwingine akazaliwa, na mafungu yakabadilika; kuna mabinti walioingizwa kwenye mgawanyo katikati ya kesi kwa sababu sheria ya 2005 iliwakuta hukumu ya mwisho haijatolewa. Ni safari ya miaka. Nyumba isiyogawanyika inaweza kuamriwa iuzwe. Lakini kuna faida ambayo makubaliano hayana: hukumu haimtegemei kaka kubadilika moyo.

Wapo wanaodhani wanaweza kukimbilia mahakamani kumzuia baba, au karta kama anavyoitwa msimamizi wa mali ya familia, asiuze. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ilikataa zuio la namna hiyo. Karta ana mamlaka ya kuuza kwa shida ya kweli ya familia, na mtoto hupinga baada ya mauzo kwa kuonyesha kwamba shida haikuwepo. Muda wa kupinga mauzo ya baba ni miaka 12 tangu mnunuzi aingie kwenye mali. Kwa hiyo ukisikia shamba linauzwa, hifadhi kila ushahidi wa hali ya familia wakati ule: kama kulikuwa na deni, kama kulikuwa na mgonjwa, fedha zilikwenda wapi.

Njia ya tatu ndiyo inayoniuma. Rajasthan wanaiita *haq tyag*, kuacha haki. Neno lao la kwanza ni hilihili letu la haki, limetoka kwenye Kiarabu likaenda pande zote mbili za bahari. Dada husaini hati ya kuachia fungu lake kwa kaka zake, mara nyingi siku chache baada ya mazishi ya baba, macho yakiwa bado mekundu. Anaambiwa ni desturi. Anaambiwa mahari, ambayo huko hutolewa na upande wa bibi harusi, na gharama za harusi ndizo zilizokuwa fungu lake. Anahofia kwamba akikataa hatakuwa na nyumba ya kurudi ndoa ikiharibika. Hati hiyo ikishasajiliwa, kuitengua ni kazi kubwa. Itabidi athibitishe ulaghai au shinikizo, dhidi ya sahihi yake mwenyewe.

Simkatazi mtu kumpa ndugu yake. Kuna dada mwenye nacho anayetaka kaka yake mkulima abaki na shamba, na hilo ni jambo jema. Ninachosema ni usisaini ndani ya msiba, na usisaini bila kujua unaachia ekari ngapi. Na jambo ambalo wengi hawalijui: ukiombwa kuachia urithi wa mali binafsi ya baba ambaye bado yu hai, bado huna haki ya kuachia. Ni tumaini tu, na sheria ya India hairuhusu tumaini la kurithi kuhamishwa.

Kusubiri, mwisho, kunamfaa mtoto ambaye mali ni binafsi ya baba aliye hai, kwa kuwa hana lingine la kufanya. Kwenye mali ya ukoo kusubiri kuna hatari yake. Mwenzako kukaa kwenye shamba peke yake hakukuondolei haki, anahesabiwa anakaa kwa niaba yenu wote. Lakini siku akikutamkia wazi kwamba wewe huna chako hapa, saa imeanza kuhesabu, na una miaka 12 tangu ulipojua umetengwa.

Kwa walio ng'ambo ya pili

Familia nyingi za Wahindu wa Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Zanzibar zina asili ya Gujarat na Kachchh, na baadhi bado zina nyumba au shamba huko. Kila nchi ina sheria yake kwa ardhi iliyo ndani yake. Shamba la Gujarat linafuata haya niliyoyaeleza. Jengo la Nairobi linafuata Sheria ya Urithi ya Kenya, inayowahusu Wahindu pia: watoto wa kiume na wa kike ni sawa, hakuna haki ya kuzaliwa, na mzazi ana uhuru wa kuandika wosia ingawa mahakama inaweza kumwongezea mtegemezi aliyesahauliwa. Tanzania Bara ina sheria yake ya zamani ya mirathi ya watu wa asili ya Asia wasio Wakristo, inayoelekeza kwenye sheria ya dini ya marehemu. Ndugu mmoja anaweza hivyo kuwa na madai ya kuzaliwa India na asiwe nayo Kenya, kwa kifo kilekile cha baba mmoja.

Wenye asili ya Goa wajitenge na maelezo yote ya juu. Huko Wahindu na Wakatoliki wote wako chini ya mfumo ulioachwa na Wareno, ambao mzazi hawezi kuandika wosia juu ya mali yake yote. Nusu imetengwa kwa watoto na warithi wengine wa lazima. Kwa mtoto anayehofia wosia, Goa inamlinda hata kwenye mali binafsi ya baba, jambo ambalo Mitakshara haifanyi.

Na aliyefunga ndoa ya kiserikali na mtu asiye Mhindu chini ya Sheria ya Ndoa Maalumu ya India ya 1954 ajue kwamba ndoa hiyo inamtenga na ushirika wa familia yake, na mali yake mwenyewe itarithiwa kwa sheria nyingine.

Kabla ya kuchagua lolote, anza na kumbukumbu za ardhi. Gujarat na Maharashtra kuna karatasi inayoitwa 7/12, inayotaja nani anashikilia shamba na nani analilima, na Gujarat kuna daftari la mabadiliko liitwalo *hak patrak*, ambako utaona jina la babu lilivyobadilishwa kuwa la baba, na mwaka gani. Ukikuta jina la kaka peke yake, usikate tamaa: maandishi hayo ni ya kodi na kumbukumbu, hayampi mtu umiliki wala hayamwondolei mwingine haki.

Kama huwezi kusafiri, utampa binamu hati ya uwakilishi, ishuhudiwe huku kisha ilipiwe stempu India ndani ya miezi mitatu tangu ifike huko. Andika ndani yake mamlaka ya kutafuta kumbukumbu, kupata nakala na kukusimamia mahakamani. Mamlaka ya kuuza na ya kuachia haki usiyaandike.